Lita 112, 180, 240 au 450: Ulinganisho kwa Anayetaka Tangi Kubwa Zaidi la Samaki wa Mapambo

Anayefuga samaki wa mapambo katika tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lile la lita 54 ambalo wengi huanza nalo, kwa kawaida hutafuta tangi kubwa zaidi kwa sababu mbili: samaki wamekua au wamezaana, na maji yanachafuka upesi kuliko anavyoweza kuyabadilisha. Sababu zote mbili ni za msingi. Taabu huanza dukani au kwa fundi, ambako matangi huuzwa kwa lita, ilhali lita peke yake haimwambii mnunuzi ni samaki gani watakaomudu kuishi humo, sakafu yake itabebeshwa nini, wala yeye mwenyewe atabeba ndoo ngapi kila wiki. Nimechukua vipimo vinne ambavyo fundi wa vioo anaweza kuvikata bila shida, nikavilinganisha kwa mtu anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au mji mwingine wa pwani. Pale ambapo mji wa nyanda za juu kama Nairobi unatofautiana na pwani, nimeeleza.

Samaki ninaowazungumzia ni wale wa maji ya joto yasiyo na chumvi wanaoweza kukaa pamoja kwa amani: kadinali na nioni, gapi, moli, plati, koridora wanaotafuta chakula mchangani, gurami, malaika, na Kongo tetra.

| Urefu × upana × kimo (sm) | Lita kwa hesabu | Eneo la uso wa maji (sm²) | Uzito likiwa na maji na mchanga, bila kabati | Robo ya maji kwa ndoo za lita 20 |
|---|---|---|---|---|
| 80 × 35 × 40 | 112 | 2,800 | kilo 130 hivi | ndoo 1 na kidogo |
| 100 × 40 × 45 | 180 | 4,000 | kilo 215 hivi | karibu ndoo 2 |
| 120 × 40 × 50 | 240 | 4,800 | kilo 290 hivi | ndoo 2 na nusu |
| 150 × 50 × 60 | 450 | 7,500 | kilo 550 hivi | karibu ndoo 5 |

Uzito na idadi ya ndoo vimekokotolewa kwa tangi ambalo maji yake yako sentimita 5 chini ya ukingo na ambalo lina mchanga wa unene wa sentimita 5. Kwa sababu hiyo, tangi linaloitwa la lita 240 hubaki na maji yasiyozidi lita 200 hivi, na anayepima dawa kwa kufuata lita zilizoandikwa kwenye risiti huwa amezidisha kipimo kabla hata ya kufungua chupa. Mawe na magogo yakiingia, maji hupungua tena.

Tangi la kwenda juu liwekwe kando

Kabla ya kulinganisha kubwa na dogo, liondolewe kwanza tangi ambalo sikulitia kwenye jedwali, nalo ni lile lenye kimo kirefu ambalo huvutia macho dukani kwa sababu linachukua nafasi ndogo ukutani. Tuchukue matangi mawili yenye lita 240 kila moja: la kwanza lina sentimita 120 kwa 40 kwa 50, na la pili lina 100 kwa 40 kwa 60. Lita ni zile zile, na bei yake huenda isipishane sana, lakini kwa samaki hayo ni makazi mawili tofauti.

Oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji. Tangi la kwanza lina uso wa sentimita za mraba 4,800, la pili lina 4,000. Pwani pengo hilo si dogo, kwa kuwa maji yenye nyuzi joto 25 hayawezi kushika zaidi ya miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hushika takriban 7.5, yaani hewa hupungua majini wakati uleule ambao joto linawafanya samaki waihitaji kwa wingi zaidi. Mkazi wa Nairobi asidhani kuwa amesalimika kwa sababu ya baridi, kwani mji wake uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ndogo ya hewa ya huko hupunguza oksijeni inayoweza kuyeyuka majini kwa kiasi kinachokaribia moja ya tano.

Kioo nacho kina hoja yake. Vioo vya mbele vya matangi hayo mawili vina eneo sawa, lakini yakijaa hadi juu, kioo cha tangi la kwanza husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 150 hivi, na kile cha tangi la pili kwa kilo 180, kwa sababu msukumo wa maji hufuata kina chake, wala haujali upana wa tangi lililo nyuma ya kioo. Kadiri kimo kinavyoongezeka ndivyo kioo kinavyotakiwa kuwa kinene, na kioo kinene ndicho kinachopandisha bei kwa fundi. Taa pia italazimika kuwa kali zaidi ili mwanga ufike kwenye mimea ya chini. Usafi ni kero ya kila wiki: anayetaka kuokota jani lililooza chini ya tangi la kimo cha sentimita 60 atazamisha mkono hadi karibu na kwapa, na kama tangi limewekwa juu ya kabati la sentimita 75, atapanda stuli kwanza.

Wanaolitetea husema kuwa malaika ni samaki wa kimo, na wana haki kwa kiasi fulani, maana malaika mzima aliyefungua mapezi yake anaweza kupita sentimita 20 kutoka ncha ya juu hadi ya chini. Hata hivyo kimo cha sentimita 50 kinamtosha. Samaki wengine wote niliowataja huogelea kwenda mbele na kurudi, kwa hiyo sentimita inayoongezwa juu haina faida kwao kama ile inayoongezwa kwenye urefu.

Kila tangi linaruhusu samaki gani

Tangi la lita 112 ni zaidi ya mara mbili ya lile la 54, na kwa hiyo huonekana kuwa hatua kubwa, lakini orodha ya samaki wanaolifaa haipanuki sana. Linabeba kundi la kadinali 12, koridora wadogo 6 na gurami mdogo wa asali mmoja au jozi. Au linabeba gapi na plati wanaozaana bila kikomo hadi mwenyewe atafute pa kuwapeleka. Malaika haliwafai, wala Kongo tetra. Kwa maoni yangu, anayehama kutoka lita 54 kwenda 112 bila kubanwa na nafasi atatamani kuhama tena mapema, na gharama ya kabati, taa na chujio ataibeba mara mbili.

Lita 180 katika urefu wa mita moja ndipo jamii halisi inapoanza. Hapo wanaingia kadinali 20, koridora 8 na jozi ya gurami lulu, ambaye hufika sentimita 12, na bado kuna nafasi ya wazi mbele ya mimea ambapo kundi linageuka pamoja. Jozi ya malaika pia inawezekana, ila wasiwekwe pamoja na nioni wadogo, kwa kuwa malaika aliyenunuliwa akiwa na ukubwa wa sarafu atakua, na siku moja asubuhi mwenye tangi atahesabu nioni akakuta wamepungua bila kuona mzoga wowote.

Lita 240 katika urefu wa sentimita 120 hazionekani kuwa mbali na 180, lakini ndizo zinazofungua mlango wa Kongo tetra, ambaye kwangu ni samaki mzuri kuliko wengi wanaotoka Amerika ya Kusini na ambaye, kama jina lake linavyosema, ni wa bonde la Mto Kongo. Dume hufika sentimita 8 hivi, ana mkanda wa rangi ya dhahabu kati ya buluu mbili, na pezi lake la mkia huota nyuzi ndefu katikati akishapevuka. Ni samaki mwoga anayekimbia kwa kasi anaposhtuka, na katika tangi fupi hugonga kioo kabla hajageuka. Kundi la wanane, pamoja na koridora 8 na pleko mmoja mwenye ndevu, samaki anayekwangua mwani, wa aina isiyopita sentimita 15, linatosha kabisa. Atakayeongeza kundi jingine la samaki wadogo atambue kwamba anakula akiba ya maji aliyoinunua.

Lita 450 ni kwa anayetaka malaika sita wanaokua pamoja na kujichagulia jozi wenyewe. Jozi inapotaga hufukuza wenzake kwa ukali, na katika mita moja na nusu wanaofukuzwa wanapata pa kukimbilia, jambo ambalo tangi la mita moja haliwezi kuwapa. Zaidi ya hapo, mfugaji wa jamii ya samaki wadogo hapati kitu ambacho asingekipata katika lita 240, isipokuwa makundi makubwa zaidi ya samaki walewale.

Kuna kanuni ya zamani inayohesabu sentimita za samaki kwa lita za maji, na bado husikika madukani. Inapotosha. Samaki watano wa sentimita 4 na samaki mmoja wa sentimita 20 wana urefu sawa wakipangwa kwenye mstari, lakini mwili hukua kwa pande tatu: wakiwa na umbo linalofanana, huyo mkubwa ana uzito wa mara 125 ya mdogo mmoja, yaani mara 25 ya wale watano kwa pamoja, na uchafu anaoutoa uko mbali mno na wao. Hii ndiyo hatari ya pleko wa kawaida, ambaye huuzwa akiwa na sentimita 6 kwa ahadi kwamba atasafisha mwani, kisha akaendelea kukua hadi kupita sentimita 40. Hakuna tangi katika jedwali hili ninaloweza kulipendekeza kwa ajili yake.

Msomaji wa Tanzania au Burundi anaweza kuuliza kwa nini asitie humo samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao husafirishwa kutoka Kigoma na Bujumbura kwenda kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Sababu ni maji. Ziwa hilo lina maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha asidi) inayokaribia 9, wakati kadinali wa Rio Negro hutoka katika maji laini yenye asidi, pH yake ikiwa chini ya 6. Kuwapa wote pH ya katikati ni kuwadhulumu wote. Anayewataka samaki wa Tanganyika awatengee tangi lao, na hapo lile la lita 112 nililolikosoa linapata thamani yake: samaki wadogo wa ziwa hilo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono hawapiti sentimita 5, hawahitaji kimo, na sentimita 80 za mchanga zinawatosha ukoo mzima.

Maji, ndoo na mgao

Jambo linaloamua ukubwa wa tangi katika miji yetu kuliko bei ya kioo ni namna maji yanavyofika ndani ya nyumba. Robo ya maji hubadilishwa kila wiki, na kwa tangi la lita 240 hiyo ni ndoo mbili na nusu za kutoa na nyingine mbili na nusu za kuingiza. Kwa lita 450 ni karibu ndoo tano kutoka na tano kuingia, sawa na kilo 200 zinazopita sebuleni kila Jumamosi ikiwa hakuna mpira unaofika bombani na mwingine unaofika bafuni. Anayeishi ghorofa ya tatu bila maji ya bomba ya kuaminika afanye hesabu hiyo kwa mikono yake kabla ya kumlipa fundi malipo ya awali.

Maji ya bomba yana klorini, ambayo hutoka yakiachwa wazi kwa saa 24 au yakipulizwa hewa kwa pampu. Mwenye tangi la lita 54 huyaacha katika ndoo moja, lakini mwenye lita 240 anahitaji jaba la lita 100 lenye mahali pake pa kudumu, na watu wachache hulipangia nafasi hilo jaba wanapopima ukuta wa sebule. Pale ambapo klorini imechanganywa na amonia, kuyaacha wazi hakutoshi na dawa ya kuondoa klorini ni lazima.

Maeneo mengi ya Dar es Salaam hutegemea visima, na baadhi ya visima hivyo vina maji yenye chumvi inayoonjeka ulimini. Maji ya namna hiyo hayamkatai kila samaki: moli huyapenda, gapi na plati huyavumilia vizuri. Kadinali na Kongo tetra hayawafai. Kwa hiyo mwenye kisima cha chumvi asinunue tangi la lita 240 kwa ndoto ya kadinali kisha akalazimika kununua maji ya boza kila wiki. Afadhali achague lita 180 za moli na gapi, ambao watazaliana kwa furaha katika maji aliyonayo.

Upo upande wa pili wa suala hili, nao unalipendelea tangi kubwa. Samaki walewale waliokuwa katika lita 45 za maji halisi wakihamishiwa katika lita 200, nitrati, yaani masalio ya uchafu wa samaki, hupanda kwa kasi isiyofika robo ya ile ya awali, hivyo mgao wa maji ukichukua wiki mbili, tangi kubwa linaweza kusubiri na dogo haliwezi. Faida hiyo hupotea yote siku mwenyewe anapoongeza samaki mara nne kwa sababu tangi linaonekana tupu.

Joto na umeme

Pwani, maji ya tangi lililo ndani ya nyumba hukaa kati ya nyuzi 26 na 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hita hukaa bila kazi. Hapo swali ni samaki gani wanaovumilia joto. Nioni hupenda nyuzi 21 hadi 25 na huishi maisha mafupi katika Machi ya Dar es Salaam. Kadinali, anayefanana naye sana ila mkanda wake mwekundu unafika hadi kichwani, anatoka katika maji yenye joto zaidi na ndiye anayefaa. Kwa koridora, aina ya sterbai hustahimili nyuzi 28 kuliko ile ya shaba iliyozoeleka. Mkazi wa Nairobi ana orodha iliyogeuka: nioni kwake ni sawa, lakini usiku wa Julai anahitaji hita ya wati moja hivi kwa kila lita. Hita ya wati 200 ikifanya kazi saa 8 kwa siku hutumia yuniti 48 kwa mwezi, ilhali chujio la wati 15 linaloendeshwa usiku na mchana hutumia chini ya 11. Kwa hiyo tangi la lita 450 lenye hita mbili Nairobi ni gharama ya kila mwezi, na Tanga lina gharama ya chujio na taa tu.

Umeme ukikatika, maji mengi hupoa au kupata joto polepole, na hilo ni zuri. Hewa ndiyo inayokwisha kwanza. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri huokoa tangi la lita 112 au 180 kwa usiku mzima; kwa lita 240 ziwe mbili, na kwa 450 ni busara kuwa na betri kubwa au sola. Uchaguzi wa samaki husaidia pia, kwani gurami ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu ya maji na koridora hupanda kumeza hewa, hivyo hao wawili hustahimili giza refu kuliko tetra yeyote, wakiwemo kadinali na nioni. Mwenye chujio la nje lililofungwa kama mkebe akumbuke kwamba umeme ukikosekana kwa saa nyingi, bakteria waliomo hufa kwa kukosa hewa na maji ya ndani huoza. Alifungue na kulisuuza kwanza kabla ya kuliwasha, vinginevyo uchafu wote humiminwa kwa samaki kwa dakika moja.

Kwa sababu hiyohiyo napendelea machujio mawili ya wastani badala ya moja kubwa kwa lita 240. Kwa pamoja yazungushe maji yote mara nne au tano kwa saa; moja liwe la nje na la pili la sponji linaloendeshwa kwa hewa, ambalo pampu ya betri inaweza kulibeba. Kwa lita 112, sponji mbili zinatosha na hazina cha kuharibika. Kwa lita 180, chaguo lolote kati ya hayo linafaa.

Uzito, kabati na fundi

Matangi ya kilo 130 na 215 hayana tatizo kwenye sakafu ya zege iliyojengwa vizuri. Sakafu za makazi husanifiwa kwa mzigo wa takriban kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, na tangi la lita 240 huweka kilo 290, bila kuhesabu kabati, juu ya eneo lisilofika nusu mita ya mraba. Liwekwe kando ya ukuta unaobeba nyumba, wala si katikati ya chumba, na zege la kawaida litalimudu. Kwa kilo 550 za tangi la 450 katika ghorofa, aulizwe mhandisi, na katika nyumba ya kupanga aulizwe mwenye nyumba pia. Ghorofa ya chini haina mjadala huo.

Meza ya TV isitumike. Ubao wa MDF ukilowa hufura kwenye kona, na kona moja ikishuka milimita chache, kioo cha chini hupindwa hadi kipasuke. Stendi ya chuma ya mraba iliyochomelewa, ikapimwa kwa pimamaji na kuwekewa ubao mnene na karatasi ya styrofoam juu yake, ni rahisi na huishi kuliko tangi lenyewe.

Akriliki ni nyepesi, haipasuki ovyo na hupoteza joto polepole, lakini hukwaruzwa hata na chembe ya mchanga iliyonaswa kwenye sponji, na kwetu ni ghali. Kioo kinashinda. Kwa kimo cha sentimita 40 milimita 6 zinatosha, kwa 45 ziwe 8, kwa tangi la 120 kwa 50 ziwe 10 pamoja na mikanda ya kioo ukingoni, na kwa kimo cha 60 katika mita moja na nusu ziwe 12. Fundi anayesema milimita 6 zinatosha kwa lita 240 kwa sababu ameshatengeneza mengi aachwe aende zake. Silikoni iwe safi, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu inayowekwa kwenye silikoni za bafuni, na ikauke kwa wiki moja. Kisha tangi lijazwe hukohuko kwa fundi, likiwa limekaa sawasawa, na liachwe siku tatu huku karatasi kavu ikipitishwa kwenye maungio yote, hasa pembe za chini.

Kwa nyumba yenye maji ya bomba na ukuta wa mita moja na nusu ulio wazi, ningechagua lita 240 za urefu wa sentimita 120 bila kusita. Kwa anayebeba maji ngazini, anayepanga chumba na kuhama kila baada ya mwaka mmoja au miwili, au anayetegemea kisima cha chumvi, lita 180 ni chaguo la akili, na asione kuwa amepungukiwa, kwa sababu tangi tupu la mita moja hubebwa na watu wawili na huingia nyuma ya pikapu, ilhali lile la 120 lenye kioo cha milimita 10 lina uzito wa kilo 50 na zaidi likiwa tupu. Lita 450 nawaachia wenye nyumba zao za chini na umeme wa akiba.

Tangi jipya likishajazwa, samaki wasihamishwe siku hiyohiyo pamoja na chujio jipya lisilo na bakteria, kwa kuwa bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati huchukua takriban wiki nne hadi sita kujijenga kutoka sifuri. Njia fupi ni kulihamishia chujio la zamani katika tangi jipya bila kuliosha kwa maji ya bomba, kuliacha lifanye kazi sambamba na jipya kwa mwezi mzima, na kuwahamisha samaki kwa makundi mawili yaliyopishana wiki moja, kundi la kwanza likiingia pamoja na chujio hilo na la pili likibaki nyuma na sponji moja iliyokatwa kutoka humo. Lile la lita 54 lisiuzwe: litakuwa la karantini, ambamo kila samaki mpya atakaa wiki tatu hadi nne kabla ya kuingia kwa wenzake.